Marahaba ya Getini

Mwalimu Demetria alikuwa na sauti, na Kibamba nzima ilijua. Akimwita binti yake aje kula, watoto wa mtaa wa pili walianza kunawa mikono. Darasa lake la kwanza lilijaa hadi waliokaa nyuma walikuwa wakisoma ubaoni kwa kubahatisha, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hakumsikia mwalimu. Jumapili, kwenye kwaya ya kigango cha Kikatoliki, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na wenzake walipoishia kupanda yeye ndipo alipoanzia. Mumewe Adelard, karani mpole aliyeondoka kwenda mjini kabla hata ya kuku kushuka bandani, alikuwa akitania kwamba alipokwenda kuposa Bukoba hakuambiwa kuwa mke anakuja na spika yake.

"Sauti ndiyo jembe langu," Demetria alikuwa akimjibu.

Na kweli alilima nalo. Asubuhi alilima nyumbani, mchana darasani, alasiri tuisheni barazani kwake, jioni mazoezi ya kwaya, na katikati hapo simu za kikundi cha akina mama ambacho alikuwa mwenyekiti kwa sababu kila alipotaka kujiuzulu hakuna aliyesikika akikubali. Jumamosi tuisheni shuleni, likizo masomo ya likizo hukohuko, Jumapili misa ya kwanza, na siku zote hizo alitoka nyumbani jua halijachomoza. Jembe linalolimiwa namna hiyo, haliwekwi chini wala halinolewi, mwenye shamba yeyote angekwambia mwisho wake. Lakini nani angemwambia Demetria? Ungeanzia wapi, na nafasi ya kusema angekupa saa ngapi?

Alikuwa akiamini jambo moja, ingawa hakuwahi kulitamka hivyo: kwamba akinyamaza yeye, vitu vitaanguka. Nyumba itaanguka, darasa litaanguka, kwaya itaanguka. Watu wa namna hiyo tunawajua, na wengine tunaishi nao.

Sasa, katika maisha hayo yenye kelele palikuwa na kitu kimoja kilichomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kitu hicho kilikuwa jirani yake, Mzee Mwishehe.

Mzee Mwishehe alikuwa mwadhini wa msikiti ulioko mwisho wa barabara yao ya vumbi. Kila alfajiri, kabla ya adhana, alipita mbele ya geti la Demetria akiwa na kanzu yake na kandambili zake. Na kila alfajiri saa hiyo Demetria alikuwa uani anafagia, geti likiwa wazi ili atoe takataka nje. Siku ya kwanza kabisa walipohamia, Demetria aliinamisha ufagio, akasema kwa adabu zote alizofundishwa kwao, "Shikamoo mzee."

Mzee aliinua mkono wa kulia, akainamisha kichwa kidogo, akapita. Hakusema hata neno moja.

Kesho yake ikawa vilevile. Na kesho kutwa. Shikamoo si "mambo vipi" ambayo mtu anaweza kuiacha ielee hewani. Shikamoo unampa mtu kwa mikono miwili, na mkubwa anayeiacha idondoke chini amekuambia neno zito kuliko tusi.

"Ni kwa sababu sie si wa dini yake," Demetria alimwambia mumewe. "Au kwa sababu ni watu wa kuja. Mzaramo yule, mwenyeji wa hapa, anatuona tumemvamia."

Adelard alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Mhaya, bingwa wa maringo, analalamika kuhusu maringo ya watu! Basi dunia imekwisha."

Demetria hakucheka. Aliapa hatashindwa. Mtu akikunyima jibu, wewe mzidishie salamu, aone haya mwenyewe. Kwa hiyo kila alfajiri alimwamkia, na kila mwezi aliongeza sauti kidogo, ili mtaa usikie nani ana adabu na nani hana. "Shikamoo mzeeee!" Majogoo wa Kibamba walianza kumsubiri yeye. Mzee Mwishehe aliinua mkono, akainamisha kichwa, akapita. Miaka ikaenda hivyo, maana mchana kila mmoja alikuwa na shughuli zake na hawakukutana. Kwenye misiba na vikao vya mtaa Demetria alimwita Mzee Maringo, na watu walicheka, maana mwadhini yule kweli alikuwa na vituko vyake. Hata kwenye kibanda cha mpira, Yanga ikifunga, wenzake walipiga kelele hadi mabati yakatetemeka, yeye akavua kandambili akapiga nazo benchi.

Sauti ya Demetria ilianza kukwaruza msimu wa joto. Akina mama wa kwaya walimletea dawa zote wanazozijua: tangawizi, asali na ndimu, karafuu ya kutafuna, yai bichi la kienyeji ambalo alilimeza akiwa amefumba macho. Alikunywa vyote, akaendelea kulima. Mpaka Jumapili moja, katikati ya wimbo wa shukrani, alipanda juu pale alipozoea kupanda, na kilichotoka kilikuwa upepo. Kanisa zima liligeuka kumtazama. Alijaribu tena. Upepo.

Daktari wa koo alikuwa mama mtulivu aliyesema polepole. Alimpitishia Demetria kamera nyembamba puani, kisha akamwonyesha picha kwenye kioo cha kompyuta.

"Hizi ndizo nyuzi zako za sauti. Unaviona hivi vinundu? Ni kama sugu za mikono ya mtu anayelima kila siku bila kupumzika. Sitaki tukimbilie kisu. Dawa yake ni kunyamaza. Sisemi kupunguza, nasema kunyamaza. Ukishindwa, sauti utakayobaki nayo ni hii uliyokuja nayo, au pungufu yake. Kufundisha na kuimba utavisahau."

Demetria alilia kwenye korido ya hospitali, akalia kimya, maana hata sauti ya kulilia hakuwa nayo.

Juma la kwanza alijiona mtiifu kupita watakatifu. Alinong'ona. Shuleni aliendelea kuwahi alfajiri kama kawaida, akanong'ona hadi safu ya nyuma. Alimnong'oneza muuza dagaa kuhusu bei. Aliwanong'oneza akina mama wa kwaya kwenye simu, na wao, sijui kwa nini, wakawa wanamjibu kwa kunong'ona. Wanafunzi wa tuisheni walipokuja alisema watakaa tu wajisomee, kisha akapita kutoka mmoja hadi mwingine akinong'ona hesabu masikioni mwao. Alfajiri, Mzee Mwishehe alipopita, alimnong'oneza shikamoo kwa nguvu zote za kifua, mishipa ya shingo ikamtoka.

Aliporudi kwa daktari, yule mama alitazama picha muda mrefu, kisha akavua miwani.

"Mwalimu, umekuwa ukisema."

Demetria alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyesingiziwa. "Nilikuwa nanong'ona tu," alinong'ona.

"Kunong'ona kwa nguvu kunazikaza nyuzi vilevile. Umetoka shambani umeingia bustanini, jembe ni lile lile." Daktari hakutabasamu. "Hii ndiyo mara ya mwisho ninakwambia kwa upole. Ukirudi tena hivi, nitakuandikia usirudi darasani kabisa."

Siku hiyo Demetria aliogopa, akaomba ruhusa ya ugonjwa shuleni. Aliporudi nyumbani alichukua kibao kidogo cha kufundishia na kipande cha chaki, akavifunga shingoni kwa kamba, akafunga mdomo.

Alfajiri iliyofuata umeme ulikuwa umekatika, ukabaki mwanga wa mwezi tu. Demetria alikuwa uani na ufagio wake. Kandambili zikasikika zinakuja. Mdomo wake ulifunguka wenyewe kwa mazoea, akauziba kwa kiganja. Hakuwa na la kufanya, akainua mkono wa kulia, akainamisha kichwa.

Mzee Mwishehe alisita kidogo. Alimtazama, akatazama kibao kilichoning'inia kifuani pake. Kisha naye akainua mkono, akainamisha kichwa, akapita. Mabubu wawili wakaachana hivyo.

Kwa kawaida, muda huo Demetria angekuwa anagonganisha masufuria na kumwamsha binti yake Kokuberwa kwa kelele kutokea uani. Leo alibaki amesimama na ufagio. Ukimya ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani ukimya unaweza kuwa. Alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye majani ya mgomba. Alisikia, mbali, lori likibadili gia kwenye mlima wa Barabara ya Morogoro. Ndipo, bila spika, bila mkwaruzo wowote, adhana ikaanza.

Miaka yote alikuwa ameisikia. Hakuwa ameisikiliza hata siku moja. Na Demetria alikuwa mtu wa kuimba, alijua sauti inavyotengenezwa, kwa hiyo alijua anachokisikia. Sauti ile haikusukumwa. Ilianza chini, nyepesi, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mgonjwa, kisha ikapanda bila kuhema, ikakaa juu, ikakaa, ikazidi kukaa, na iliposhuka haikuanguka bali ilitua. Ilikuwa safi. Hakukuwa na alama ya kikohozi, ya usingizi, wala ya gumzo la jana. Ilikuwa sauti ya mzee mwenye mvi, na haikuwa na mkunjo hata mmoja.

Vinyweleo vilimsimama mikononi. Alisimama pale hadi mwisho, Mkatoliki wa kigango, ufagio mkononi, machozi yakimtoka bila kujua kama ni ya wivu au ya nini. Alijua tu kwamba amekutana na kitu kikubwa, na kwamba kimekuwa kikipita getini kwake kila siku.

Palipokucha alikaa kwenye ngazi ya jikoni na kikombe chake cha kahawa. Hakuwa na shule ya kukimbilia. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokuwa nyumbani kwake jua likichomoza, siku isiyo na homa wala msiba, na hakukumbuka.

Kandambili zikasikika tena, safari hii zikirudi. Zilifika getini, zikasimama. Geti alikuwa amelifunga alipomaliza kufagia. Kutoka upande wa pili ikaja sauti ya kawaida tu, tulivu, ya mtu anayesema na jirani.

"Marahaba, mwalimu. Marahaba. Na siku yako iwe njema."

Kisha kandambili zikaendelea na njia yake.

Demetria aliganda na kikombe mkononi. Alikuwa bado amekaa hivyo Kokuberwa alipotoka na mswaki mdomoni. Binti huyu alikuwa kidato cha pili, mkimya, na mama yake alikuwa akiwaambia watu kwamba ukimya huo kautoa kwa baba yake.

"Mama, vipi? Mbona umeganda?"

Demetria aliandika kwa pupa hadi chaki ikalia. UMESIKIA?

"Nini? Babu Mwishehe?" Kokuberwa alitema povu la dawa ya meno. "Si anapitaga kila siku anakuitikia."

KILA SIKU?

"Tangu tuhamie. Wewe unakuwaga umeshaondoka zamani. Anasimama hapo, anasema marahaba mwalimu, anaenda zake. Mie nilijua unajua."

Demetria alifuta kibao kwa kiganja, akaandika polepole. MBONA HUKUNIAMBIA?

Mtoto alimtazama mama yake, akatazama chini. Hakuwa na nia mbaya, ndiyo maana jibu lake lilipenya.

"Nilijaribu, mama. Ulikuwa unaongea."

Hata chai hakumwandalia mtu siku hiyo. Alijifunga kanga, akaenda moja kwa moja hadi kwa Mzee Mwishehe. Bi Somoe, mkewe, alikuwa uani anachoma vitumbua. Alimwona mwalimu na kibao chake, akamsogezea kigoda bila kuuliza. Demetria aliandika swali lake lote, akajaza kibao, na Bi Somoe akalisoma mara mbili huku kitumbua kikiungua upande mmoja.

"Ati hakujibu?" Bi Somoe alicheka hadi akajishika mbavu, kisha akaona uso wa mgeni wake, akaacha. "Mwanangu. Yule bwana hasemi. Kuanzia akiamka mpaka aadhini, hata mie simpati neno. Nyumba ikiungua ataniamsha kwa kunifinya. Dua yake ya kuamkia anaisoma moyoni. Ndivyo alivyo, miaka na miaka. Mtaa mzima wa zamani wanajua. Kumbe nyie wageni hamkuambiwa."

Mwenyewe akatokea ndani, ameshavua kanzu, amevaa msuli na fulana. Bi Somoe alimweleza. Na hapa ndipo jambo lilipogeuka kuwa la ajabu zaidi, kwa sababu Mzee Mwishehe naye alikodoa macho, akajishika kiuno.

"Kwani ulikuwa humo ndani hunisikii?"

Demetria akatikisa kichwa. Akaandika: NILIKUWA NIMESHAONDOKA.

"Siku zote?"

SIKU ZOTE.

"Lahaula!" Mzee alikaa kwenye gunia la mkaa, asijali weusi. "Mie najua uko ndani unanisikia. Nikawa nasema, huyu mwalimu ni mgumu jamani, mtu anasimama jua na mvua anamuitikia, yeye hata hasemi asante mzee nimesikia. Nikamwambia Somoe, hawa watu wa bara wana kiburi."

"Alisema hivyo," Bi Somoe alithibitisha. "Akaninunia mie."

Walitazamana, mwalimu na mwadhini. Miaka yote, mmoja alitoa salamu kwa mtu asiyeweza kujibu, mwingine akatoa jibu kwa geti tupu. Kila mmoja alijiona amedharauliwa. Na hakuna aliyeacha. Demetria alikuwa ameendelea kwa hasira, hilo alilijua mwenyewe. Lakini mzee huyu, aliyeamini amepuuzwa kila siku ya Mungu, kwa nini alisimama?

Aliandika hilo. KWA NINI HUKUACHA?

Mzee alionekana kuliona swali la kitoto. "Salamu ni deni, mwalimu. Wewe ulishanipa. Kama hukusikia, hiyo ni yako."

Kisha, kwa kuwa kibao kilimwangalia na mwenye kibao hakuweza kumkatiza, alieleza. Haikuwa sheria ya dini, alisisitiza, asije akamsingizia Mungu mambo yake. Alipokuwa kijana alikuwa mnadi wa mitumba Temeke, akipiga kelele juu ya meza kuanzia asubuhi mpaka jioni, na jioni anaadhini. Siku moja akasimama kuita watu, ikatoka sauti ya bata. Watoto walicheka msikitini. Akapewa mtu mwingine kazi ile, na yeye akakaa safu ya nyuma akiisikia sauti ya mwenzake, na roho ikimuuma.

"Ndipo nikajifunza. Sauti ni tenki la maji, mwalimu. Na humu Kibamba unajua maji yanavyotoka. Ukifungulia asubuhi ukaoshea baiskeli, jioni huna ya kupikia, utamlaumu nani? Basi mie sioshei baiskeli. Nikitaka mtu, simwiti, namfuata, miguu ninayo. Baada ya adhuhuri nanyamaza kidogo, napumzika, hata kama kazi ipo. Kazi haiishi, sisi ndio tunaisha. Nakunywa maji ya uvuguvugu. Mpira nashangilia kwa ndara." Hapo alionekana kuona haya kidogo. "Na nikiamka sisemi na mtu. Neno la kwanza la siku ni lake Mwenyewe. Sipendi alipate limeshatumika."

Bi Somoe aligeuza vitumbua.

"Nikishamaliza kusali nikatoka pale, barabara inapita kwako. Kwa hiyo neno langu la kwanza la dunia, kila siku, ni marahaba yako."

Demetria alichukua chaki. Chaki ikamkatikia mkononi. Alikaa kwenye kigoda cha Bi Somoe, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu azaliwe, akatazama moshi wa vitumbua ukipanda, na akaona aibu na furaha vikimjaa kwa pamoja hadi kifua kikawa kidogo. Sauti ile aliyoisikia alfajiri, sauti isiyo na mkunjo, ilikuwa ikifika getini kwake kila siku ikiwa bado mpya. Na yeye alikuwa mbio njiani, akikwaruza koo kuwaambia watu wa kituoni kwamba jirani yake ana maringo.

Majuma ya kunyamaza yaliyofuata hayakuwa mepesi, nisikudanganye. Palikuwa na siku alizopiga sufuria kwa hasira. Lakini vitu havikuanguka. Kwaya iliimba bila yeye, vibaya Jumapili ya kwanza, nafuu iliyofuata. Tuisheni aliifunga, na wazazi waliolalamika walizoea. Mchana alijilaza kitandani dirisha likiwa wazi, kwanza akijiona mwizi wa muda, baadaye akilala kweli. Akitaka mtu, alimfuata. Aligundua kwamba nyumba yake ina vyumba vinne tu, na kwamba hakuna kilichokuwa mbali kiasi cha kupigiwa kelele.

Na alisikia. Hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote. Asubuhi moja, kupitia mlango wa chumbani, alisikia mtu akiimba chini kabisa, besi nene, tamu, iliyotulia. Alisukuma mlango. Adelard alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo. Miaka yote Demetria amezunguka vigango vya Kibamba na Mbezi kutafuta besi wa kwaya, na besi ilikuwa inanyolea ndevu chumbani kwake. Alikaa kitandani akasikiliza mpaka povu lilipoisha.

Kokuberwa, yule mkimya, hakuwa mkimya. Jioni alikaa jikoni kwenye mkeka na kumenya ndizi na mama yake, na siku ya tatu alianza kusema. Alisema kuhusu hesabu zinazomtesa, kuhusu rafiki aliyemsaliti, kuhusu nyota, kwamba zile tunazoziona nyingine zilishakufa zamani lakini mwanga wake ndio kwanza unafika. Demetria alimenya ndizi na kusikiliza mpaka ndizi zikawa nyingi kuliko walaji. Alimtazama mtoto huyu mwenye maneno mengi namna hii, mazuri namna hii, akashukuru kwamba hana sauti, maana angemkatiza.

Siku ya kurudi hospitali, daktari alitazama picha, akasogea, akatazama tena.

"Vimesinyaa," alisema. "Umenyamaza kweli safari hii. Kuanzia kesho unaweza kusema. Kidogo kidogo, kwa sauti ya kawaida, na ukichoka unaacha. Kama itarudi yote au nusu, hilo siwezi kukuahidi. Utaijua utakapoifungua."

Demetria angeweza kuifungua usiku ule ule, kesho ilipoingia. Adelard alikaa akimtazama kwa matumaini. Kokuberwa alisema, "Mama, sema basi hata neno moja tu tusikie." Alitikisa kichwa. Aliogopa, huo ndio ukweli. Kama ni upepo tena, alitaka usiku mmoja zaidi wa kutokujua. Lakini pia alikuwa ameshaamua neno lake la kwanza litakwenda kwa nani, na hakutaka alipate limeshatumika.

Alfajiri alifagia. Kandambili zikaja. Mikono miwili ikainuka, vichwa viwili vikainama. Adhana ikapanda, ikakaa, ikatua. Alikunywa maji ya uvuguvugu. Mara tatu koo lilimwasha kutaka kujaribu, "aa" moja tu, pale jikoni, nani angejua? Hakujaribu. Aliacha kahawa ikapoa. Kisha akaenda akafungua geti, akaliacha wazi, akasimama katikati yake.

Mzee Mwishehe alitokea kwenye kona, jua changa likimpiga mgongoni. Aliona geti liko wazi. Aliona mwenye geti. Alipofika alisimama palepale anaposimama siku zote na akavuta pumzi kusema alichozoea kusema. Demetria akamwahi.

"Shikamoo, mzee."

Ilitoka. Haikuwa ile iliyonawisha mikono watoto wa mtaa wa pili. Ilikuwa ndogo, imeshuka kidogo, na mwanzoni ilikuwa na unyevunyevu kama kitu kilichotoka kuoshwa. Lakini ilikuwa sauti, haikuwa upepo, na ilikuwa safi kutoka mwanzo wa neno hadi mwisho wake. Alijisikia mwenyewe, akashangaa kama aliyesikia mtu mwingine.

Mzee Mwishehe alisimama na ile pumzi aliyokuwa ameivuta, macho yakimlowa, kana kwamba adhana ameitiwa yeye. Kisha akainamisha kichwa, chini zaidi kuliko siku zote.

"Marahaba, mwalimu," alisema. "Marahaba."

Tangu mwalimu ahamie Kibamba, ilikuwa mara ya kwanza salamu hiyo na jibu lake kukutana mahali pamoja. Hawakuongeza kitu. Mzee alikwenda zake na kandambili zake, na Demetria akaingia ndani kumwamsha Kokuberwa, kwa kumgusa bega.